Kiyoyozi Nilichokiondoa

Kinamama wenzangu, wekeni vikombe chini kidogo. Jambo hili hata wanangu sijawasimulia lote, na mpaka leo nikilikumbuka mwili unanisisimka.

Mnajua nina maduka mawili hapa Ibra, Oman yetu hii, ya marehemu baba. Moja kapanga fundi cherehani, mwanamke wa Tanga. Yakaja masharti ya serikali: mwenye duka la kupangisha hafungi mkataba mpya mpaka likaguliwe, lisile umeme ovyo. Paa liwe na kinga ya joto, kiyoyozi kiwe cha kisasa. Langu bati tupu, na kiyoyozi kizee kinachonguruma bila kutoa baridi.

Mie nikajiona mjanja. Nikang'oa kiyoyozi kipya cha chumbani kwangu nikakifunga dukani, chini ya bati nikapigilia dari ya kufichia aibu. Mkaguzi, binti mdogo tu, akapima, akaandika kibali, akaenda zake. Fundi alifurahi mpaka akatokwa na machozi. Akaniletea maandazi, akaniombea dua. Nikayala yale maandazi, ndugu zangu, na siku ya tatu nikakirudisha kiyoyozi kwangu, dukani pakabaki patupu, bila kumwambia neno.

Mnacheka? Najua wamo humu waliofanya kama mimi.

Joto la Juni likaingia. Adhuhuri moja nikapigiwa simu, fundi kaanguka. Nilipofika walishamchukua. Nikaingia ndani, joto likanikata pumzi. Ukuta ulikuwa haushikiki. Wallahi, miaka yote nilikuwa nafika magharibi, nasimama mlangoni, naondoka. Duka langu mwenyewe nilikuwa silijui!

Hospitali nilijua nitatukanwa. Akafumbua macho, akaniambia taratibu:

"Shikamoo, mama. Ile mashine bado haijatengenezwa?"

Wiki zote zile alidhani nimeipeleka kutengenezwa, akawa anasubiri. Hakunidhania ubaya hata mara moja. Nikamwambia ukweli palepale. Akageukia ukutani.

Kesho yake nikaenda kwa yule mkaguzi kujishitaki. Alinitazama kama haamini. Akafuta kibali, kisha akanielekeza vipi paa linatandikwa kinga na kiyoyozi gani kinafaa. Duka likafungwa mpaka kazi iishe, na fundi akashonea chumbani kwangu, chini ya kiyoyozi kilekile.

Namshukuru binti yule, hakunifukuza. Nakushukuruni nyie mlionipisha zamu ya mchezo wetu wa kuchangiana pesa nikatengeneza paa. Na mwenye duka la kupangisha nampa neno moja: usimngoje mkaguzi. Nenda mchana, funga mlango, kaa pale anapokaa mpangaji wako mpaka iadhiniwe alasiri.

Fundi wangu kapona, alhamdulillah, duka lina baridi nzuri. Nikipita ananiamkia kwa heshima zote. Ila maandazi hajaniletea tena, na mimi sina uso wa kumuuliza.