Upinde wa Mkole Uliokwanguliwa Kwa Siri

Kaeni chini, wanangu, mnitegee masikio, maana sauti niliyobaki nayo si ya kurudia maneno. Bundala umetoka Igunga juu ya lori la pamba, na wewe Anselm umeshuka kwenye gari moshi ukavua viatu vyako vya ukarani usivichafue kwa matope ya kwenu. Mimi baba yenu nakata roho, na tangu mmeingia macho yenu yako ukutani, pale ulipoangikwa upinde wangu wa mti wa mkole. Nimewaona.

Mnajua desturi ya nyumba hii, na mdogo wangu Jilala, aliyekaa hapo mlangoni, ni shahidi: siku ya kuondoa matanga mrithi husimama mbele ya ukoo, akauvuta upinde wa marehemu mpaka kamba iguse sikio, na akiweza, nyumba ni yake, kisu cha kukwangulia ni chake, na jina langu, Lugembe, litakuwa lake. Babu yenu aliuvuta wa baba yake aliporudi kutoka pwani, bega limeota sugu kwa pembe za ndovu alizozibeba kupitia nyika ya Tura. Mimi nikauvuta wa kwake. Hao walikuwa watu. Sasa nawatazama ninyi, na natamani ningekuwa kipofu.

Masika yaliyopita, kifua kiliponiangusha, Bundala ulikuja kunijulia hali. Ulingoja nisinzie, ukauvuta upinde, ukakwama kidevuni, ukatoka nao uani pamoja na kisu changu. Ulipoondoka akaja huyu msomi wetu, naye akakwama, naye akatoka nao uani. Kila mmoja aliukwangua ulegee, uje umtii siku ya matanga, na hakuna aliyemwambia mwenzake. Mlidhani kidole gumba changu nacho kinaumwa kifua? Niliupapasa, nikajua.

Wizi ningeusamehe, maana mwizi hodari huwa na ufundi wake. Ninachowadharau ni kazi yenyewe. Tangu mnang'oka meno ya utoto niliwaambia: upinde ukipinda upande mmoja kuliko mwingine, usiuguse upande huo; kwangua ule mkaidi, tumboni mwake, upande unaomtazama mvutaji, kidogo, uuvute, uutazame, ukwangue tena. Ninyi nyote wawili mkauparua mkono wa juu wa upinde, uliokwisha kukubali, kwa sababu hapo kisu kinateleza chenyewe, na mkono wa chini wenye kifundo kigumu mkauogopa. Bandu bandu huisha gogo. Mkono wa juu ukawa kama bua, wa chini kama mchi, na ambaye angeuvuta hivyo ungempasukia usoni mbele ya wakwe zake.

Na ndivyo mlivyomfanyia dada yenu Nyamizi, aliyekaa hapa kando yangu. Alipofiwa na mumewe akarudi hapa na wanawe, nani alilima mihogo ya Bundala, ambaye ati ng'ombe hawampi nafasi? Nani aliwalea watoto wa Anselm mwaka ule mkewe alipougua? Nani ananigeuza kitandani? Mnamkwangua yeye kwa kuwa anapinda, na ninyi wakaidi hakuna anayewagusa.

Funga mdomo, Anselm, najua utakalosema. Bwana Nyama, mlinzi wa wanyama wa serikali, hataki pinde porini, tena zama za upinde zimepita. Ndiyo maana unapaka samli vijiti vyenye sura ya upinde ving'ae, unawauzia mabibi wa Kizungu pale Tabora waviangike barazani. Havijawahi kuua hata panya. Debe tupu haliachi kuvuma.

Basi nilimwita Nyamizi. Yeye akawa mikono, mimi nikawa macho. Mti ukikwanguliwa haurudishiwi nyama, kwa hiyo akaukwangua mkono wa chini mpaka ukapatana na wa juu. Ukawa sawa, lakini ukawa legelege, mtoto angeuvuta. Hapo mimi nilikata tamaa, nikageukia ukutani nikalia. Yeye akaniambia, "Baba, tuupunguze urefu." Akakata ncha zote mbili, akachonga upya pa kushikia kamba, na ule ufupi ukaurudishia ukali wake. Sijawahi kumwambia mtoto wangu yeyote kwamba namwonea fahari. Nyamizi, mama, nakuonea fahari.

Desturi inataka ningojwe nife. Mimi nataka kuona. Uangue, Bundala, utie kamba, uvute.

Kidevuni, palepale. Mpe mwenzako.

Anselm, wewe hata kidevuni hukufika. Mpe dada yenu. Vuta, mama, polepole, usiupe papara... mpaka sikioni. Mmesikia? Haukulia hata kidogo.

Jilala, acha kuguna kwamba mwanamke hashiki upinde wa ukoo. Ungeguna siku wanaume walipokuwa wanauharibu, wewe umekaa uani unavuta tumbaku.

Nyumba hii na kisu ni vya Nyamizi. Jina langu apewe mwanawe atakayekubali kufundishwa naye. Ng'ombe wa Igunga wabaki na Bundala, wamemzoea. Mizinga ya nyuki ya msituni ni ya Anselm, nta anajua kuiuza. Atakayemtoa dada yake humu ndani, mikono yake isikunjike wala isikunjuke.

Maji kidogo... Yatosha.

Nizikeni kando ya baba yangu, asubuhi, bila hotuba za karani. Nawabariki. Hata ninyi wawili, maana baraka si upinde, haimtaki mtu awe na nguvu. Mungu awape... awape watoto wasiofanana nanyi.

Mbona mmewasha taa... hapana, ni macho yangu. Nyamizi. Vua kamba, mama. Upinde haulazwi na kamba yake, utachoka. Vua... polepole... hivyo.