Kikombe Mbele ya Liwali

Mtaani Hamriya, nje ya duka la fundi kanzu, pana benchi refu la mbao lililotiwa tofali chini ya mguu mmoja. Kila Ijumaa baada ya alasiri hukaa hapo watu watatu: Suud, ambaye kwa kupenda habari huitwa Redio, Muslim, aliyepewa jina la Hakimu kwa kuwa kila neno hulifunga kwa methali, aghlabu isiyolihusu, na Humaid. Dele, birika la kahawa, hutoka nyumbani kwa Hakimu. Zamani Humaid akiitwa Bomba, maana alifanya kazi miaka mingi katika ofisi ya maji, na mtaa mzima ulijua bomba likipasuka aitwe nani. Tangu mwaka jana, alipofanywa liwali wa mji mmoja wa milimani, akawa anarudi Hamriya mwisho wa wiki tu, jina hilo halitajwi tena. Sasa ni Liwali, hata benchini.

Ijumaa hii Liwali hakutulia. Alikaa, akainuka, akatazama barabara, akakaa upande mwingine. Alitoa simu mfukoni akairudisha bila ya kuitazama. Redio akasema anangojea kupigiwa kutoka juu, kuna cheo kingine kinakuja.

— Cheo gani tena, yakhe? akasema Hakimu. Huyu kaoa mke wa pili huko milimani. Mtazame macho.

— Mke wapi! Nyumba ile ya maliwali ina jini. Mie nnajua. Liwali hulala kitandani, asubuhi akajikuta mlangoni.

— Basi huenda jini ndilo linalokaa barazani kupokea watu, na mwenzetu kafungiwa kabatini.

Wakacheka. Kisha Hakimu akamgeukia Liwali kwa heshima.

— Wazee walisema, mchimba kisima huingia mwenyewe. Umewachimbia watu maji, leo umeingia mwenyewe kwenye neema.

Humaid akakitikisa kikombe kuonyesha ametosheka. Kuingia ameingia, alisema moyoni.

Kazi yake hawakuijua. Kila asubuhi huvaa joho na jambia kiunoni akakaa barazani. Hukata utepe, hukaa safu ya mbele harusini, hupokea wageni. Barabara zina wenyewe, maji yana wenyewe. Yake yeye ni heshima. Lakini watu wa kule wana desturi. Mwenye haja akipewa kahawa hukiweka kikombe chini mbele ya mwenyeji, na hakigusi mpaka aahidiwe. Kahawa ikipoa, ni aibu ya mwenyeji. Siku ya kwanza Humaid alikiona kikombe kinapoa, akaona haya, akasema inshallah. Mtu akanywa. Kesho yake wakaja wengi. Mwaka mzima vikombe vimenyweka. Akipiga simu huko kwa wahusika hujibiwa kwa adabu zaidi kuliko zamani, na jambo halisogei. Zamani, bila ya joho, akipiga simu fundi hutoka.

Na leo adhuhuri mkewe, Nadra, alimwambia kuna kijana kutoka milimani amepiga simu nyumbani, yuko njiani, na ameelekezwa benchini.

Pikapu yenye vumbi ikasimama. Akashuka kijana huyo, Khattab, akasalimia kwa Kiswahili cha bara, cha mama yake aliyezaliwa Bujumbura. Wakamsogezea nafasi, Hakimu akammiminia. Khattab akakipokea kikombe, akainama, akakiweka juu ya benchi mbele ya Humaid.

— Kunywa, mwanangu, itapoa, Redio alisema.

— Iache ipoe, mzee.

Akawaeleza bila ya kupandisha sauti. Mvua zilibomoa njia ya kwao, lori la maji halipandi tena. Kabla ya Ramadhani alikwenda barazani akaweka kikombe, akaahidiwa, akanywa. Tangu hapo mama yake, Bakhita, anapandisha madumu kwa miguu kila mwanawe anapokuwa kazini. Jana ameanguka, amevunjika mkono.

— Si umwambie Liwali? Redio akauliza. Ndiye mkubwa wa kule.

— Ndiye niliyemwambia.

Akawatazama wote watatu, mmoja mmoja.

— Wazee wangu, mimi ni mtu wa mlimani, sijui mambo ya huku. Nielekezeni tu. Kikombe hiki nikiweke mbele ya nani?

Redio, anayejua yote, akatazama barabara. Hakimu akalifunika dele. Inshallah ilimjia Humaid ulimini, tayari, kama ilivyozoea. Akaimeza.

— Usinywe, mwanangu, alisema. Mie sina cha kukuahidi. Jumapili wiki ya kazi ikianza, ofisi zikifunguliwa, nitakwenda nawe, nipange foleni nyuma yako.

— Liwali kupanga foleni? Redio alishtuka. Hata huko kwenyewe watakuonea haya. Watu watasemaje?

— Wataniuliza nataka nini. Mwaka mzima hajaniuliza mtu.

Akainuka, akakaa, akainuka tena. Jumapili ilikuwa mbali.

Kahawa ikawa imekwisha. Hakimu alikusanya vikombe akavitia katika bakuli la maji. Kile kilichojaa alikinyooshea mkono, akaurudisha.

— Hiki je, Bomba? Nikimwage?

— Kiache hapo.