Mama Subiri na Chaneli ya Kinyozi

Tarehe thelathini ya mwezi huu, saa za kazi zitakapokwisha, mkuu wa dawati la elimu kwa umma katika ofisi yetu ya hakimiliki atakabidhi funguo na kustaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Jina lake kamili limo kwenye faili. Huku koridoni anajulikana kwa jina moja tu, Mama Subiri, na hata wageni wakifika mapokezi humuulizia kwa jina hilo. Wasifu huu nao utamwita hivyo.

Aliajiriwa kuwa mpiga chapa, enzi ambazo kazi kubwa ya ofisi ilikuwa kukamata kanda za kaseti zilizorudufiwa kwa siri. Chumba chake cha kwanza kilikuwa stoo ya kanda hizo: rafu za chuma hadi darini, dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, na feni iliyozunguka ilipojisikia. Alisoma jioni hadi akapata shahada ya sheria, na katika miaka yote hiyo hatukumsikia akilalamika ila kuhusu feni.

Kanda zilipotoweka na watu wakahamia kwenye simu, ofisi ilibaki na sheria nzuri na umma usiojua kama sheria hizo zipo. Kila mtu alikuwa amegeuka mtangazaji. Fundi viatu ana chaneli, mwalimu wa kwaya ana chaneli, bibi anayefuma vitambaa ana chaneli, na wote wanapakia nyimbo za wenzao kwa moyo mweupe kabisa. Video ikiondolewa, walikuja kwetu na hasira za mtu aliyeibiwa. Mama Subiri ndiye aliyependekeza wafundishwe mapema, kabla hasira hazijapanda. Akapewa ile stoo, viti vya plastiki na ubao.

Ndivyo lilivyoanza darasa la Alhamisi. Wanafunzi wa kwanza walikuwa wachache, na mmoja wao alikuwa ameingia kukwepa mvua. Jina la Mama Subiri lilitokana na kauli aliyoirudia kila kipindi: kabla hujabonyeza kitufe cha kupakia, subiri. Jiulize kila kinachoonekana na kila kinachosikika humo ndani ni cha nani. Kama si chako, mwenyewe amekuruhusu? Kama hakukuruhusu, je, sheria imekuachia nafasi, tuseme unanukuu kipande ili ukichambue? Kama hakuna hata kimoja kati ya hivyo, kitoe. Wafanyakazi waliligeuza somo hilo kuwa mzaha. Chai ikiletwa, lazima mtu amuulize kama sukari ina mwenyewe.

Imani potofu alizikusanya kama watu wengine wanavyokusanya stempu. Wapo walioamini kwamba sekunde kumi za wimbo hazina mwenyewe. Wapo walioandika chini ya video kwamba hawadai haki yoyote ya wimbo huo. Hao aliwauliza kama mtu akiwachukulia baiskeli na kuacha karatasi inayosema kwamba hadai baiskeli hiyo ni yake, watalala usingizi. Wapo waliosema hawapati hata senti, na wengine kwamba wanamtangaza msanii bure, kwa hiyo yeye ndiye awashukuru.

Lakini hakuwa askari wa wasanii. Mtu aliyeondolewa video kimakosa, Mama Subiri alikaa naye na kumwandikia pingamizi, yaani maelezo rasmi ya kuuambia mtandao kwamba lalamiko halina msingi. Mapingamizi yake yalikuwa mafupi, na hatukumbuki lililoshindwa. Sharti lake lilikuwa moja. Chini ya kila pingamizi mtu huapa kwamba anayosema ni kweli, na Mama Subiri hakumwandikia yeyote kiapo cha uongo.

Hapa anaingia shemeji yetu.

Mume wa Mama Subiri ni kinyozi. Saluni yake ina viti viwili, kioo chenye ufa pembeni, na wakati ule ilikuwa na redio juu ya rafu ya taulo. Kwa miaka saba alikuwa na chaneli ambamo alionyesha mitindo ya kunyoa, simu ikiwa imefungwa kwa kamba kwenye fremu ya kioo. Chaneli hiyo ndiyo iliyomletea wateja kutoka mitaa ya mbali. Bila hiyo alikuwa kinyozi kama vinyozi wengine watano wa barabara ile. Tatizo lilikuwa redio. Shemeji hakuweza kunyoa bila redio, alidai mkono unakosa mwendo. Basi kila video ilikuwa na mtu anayenyolewa mbele na mtu anayeimba nyuma.

Onyo la kwanza la mtandao lilipokuja, ofisi ilicheka wiki nzima. Mganga hajigangi, tulisema. Mama Subiri naye alicheka, akamwambia mumewe azime redio, naye akazima kwa siku kadhaa. La pili lilipokuja Mama Subiri hakucheka, na shemeji akaapa mbele ya watoto. La tatu lilihusu video ya zamani, aliyoipakia kabla ya kuapa na kusahau kuifuta. Kanuni za mtandao ule ni maonyo matatu, kisha chaneli nzima inafungwa. Walipewa siku saba.

Yaliyotokea katika siku hizo hayajawahi kuandikwa katika jarida hili la ofisi. Anayeyaandika alikuwa mkuu wa ofisi wakati ule. Sasa ni mzee, anaandika akiwa kwenye kitanda cha hospitali, madaktari wake hawamfichi kitu, na anaona ni afadhali yasemwe wakati wenyewe bado wapo wa kumsahihisha.

Shemeji alitaka pingamizi. Hakuona ugumu wowote: ikiwa mkewe anawaandikia watu asiowajua kila Alhamisi, atashindwaje kumwandikia baba watoto? Hata maneno alikuwa nayo tayari, kwamba video ni ya mafunzo ya unyozi na wimbo unapita tu kwa mbali. Mama mkwe akapiga simu. Wifi akaja na begi, akakaa. Mkuu wa ofisi naye akamwita chumbani kwake, akafunga mlango, akamshauri aandike tu, kwa kuwa mwenye wimbo huenda asijibu na muda ukapita. Ulikuwa ushauri mbaya, uliotolewa kwa sauti ya mtu anayesaidia. Mama Subiri aliusikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama anaweza kurudi darasani.

Alichofanya ni kile alichowafundisha wengine: alimtafuta mwenye haki. Mwimbaji alikuwa amekwisha kufariki, na nyimbo zake zilikuwa mikononi mwa mjane wake, mama mtu mzima aliyeishi ghorofa ya tatu juu ya duka la vipuri, mji huohuo. Walikwenda Jumamosi, mke na mume. Shemeji alikuwa amevaa shati la harusi, na kwa maelezo yake mwenyewe, alikuwa amejiandaa kulia ikibidi.

Mjane aliwakaribisha vizuri, akawapa maji, akawasikiliza, kisha akakataa. Hakupandisha sauti. Alisema mumewe aliimba ujana wake wote, na kila aliyempigia wimbo bila kumuuliza alimwambia kwamba anamtangaza.

"Wamemtangaza mpaka amekufa," alisema. "Na mimi sikuona hata siku moja tangazo likiletwa nyumbani."

Shemeji hakulia.

Walipokuwa wakiaga, mjane alimuuliza Mama Subiri anafanya kazi gani. Aliposikia kwamba anafundisha watu wasifanye alichofanya shemeji yetu, alicheka hadi akashika ukuta. "Baba," alimwambia kinyozi, "unalala nyumba moja na mwalimu na bado umefeli?" Kicheko kilipomwisha, akawarudisha ndani na kuwaonyesha simu yake. Alikuwa ameweka mtandaoni rekodi ya marehemu akiimba wimbo wake mwingine sebuleni, ili wajukuu walio mbali waione, nayo ilikuwa imeondolewa. Mtu asiyemjua kabisa alikuwa ameudai wimbo ule kuwa wake. Mwanamke aliyekuwa ametoka kuwanyima ruhusa alikuwa amefungiwa sauti ya mume wake mwenyewe, na hakujua aanzie wapi.

Kwa mtu anayeijua dunia, hesabu ilikuwa nyepesi. Shemeji aliipiga papo hapo wakishuka ngazi. Mkuu wa ofisi aliipiga Jumatatu asubuhi. Umwandikie pingamizi lake, naye aondoe lalamiko lake. Mkono mtupu haulambwi. Wote wawili walipata jibu lilelile.

"Yule mama kaonewa. Haki yake siwezi kuifanya chenji ya kosa letu."

Aliandika pingamizi la mjane siku hiyohiyo, mezani kwake kazini, akiambatisha mkataba wa zamani wa studio na cheti cha ndoa. Chaneli ya kinyozi hakuitaja. Hakumpigia mjane simu tena mpaka muda ulipokwisha, asije akaonekana anakumbusha. Chaneli ikafungwa. Wiki mbili baadaye ile rekodi ya sebuleni ikarudi mtandaoni.

Msomaji atakuwa anatarajia kwamba mjane aliguswa dakika za mwisho. Hakuguswa. Aliposimuliwa yote baadaye, alisema hata kama angekumbushwa, jibu lake lingekuwa lilelile, na Mama Subiri alimwambia ni sawa kabisa.

Nyumbani mambo yalikuwa mazito. Shemeji alihamia sebuleni. Wifi alisema aliyokuwa nayo, kisha akayarudia. Kazini Mama Subiri alianza kufika mapema kuliko mlinzi. Kinyozi alifungua chaneli nyingine na kuanza na wafuatiliaji wanne, watatu kati yao wakiwa watoto wake. Redio ilihamia jikoni. Wateja walirudi polepole, na si wote.

Alhamisi iliyofuata kufungwa kwa chaneli, darasani, Mama Subiri alisimulia habari za fundi mmoja aliyepoteza chaneli kwa sababu ya redio ya dukani, bila kusema ni nani. Somo hilo ndilo linalofundishwa leo na matawi yetu yote, ndilo lililorekodiwa na kutazamwa kuliko jingine lolote la ofisi hii, na ndilo lililompatia tuzo ya mfanyakazi bora. Katika hotuba ya siku ile, mkuu wa ofisi aliusifu ubunifu wake wa kutunga mfano unaogusa maisha ya watu. Alijua anachokisema. Haukuwa mfano, wala haukutungwa, na mwenye chaneli alikuwa amekaa safu ya pili akipiga makofi kwa heshima.

Kwa kuwa ofisi yenyewe ni hii, tusingethubutu kuchapisha habari za watu bila ruhusa yao. Mama Subiri aliusoma wasifu huu na kufuta sifa tatu. Mjane alikubali, kwa sharti kwamba jina la wimbo lisitajwe, msije mkautafuta wa bure. Kinyozi aliomba afikirie. Kisha akapiga simu hospitali.

"Andika kwamba nilikasirika mwaka mzima," alisema, "wasije wakadhani mimi malaika. Halafu andika hivi: mteja akiniuliza ilikuwaje nisimwache, huwa namuuliza na yeye. Utamwachaje mtu asiyeweza kusema uongo hata kwa faida yako? Mtu kama huyo akikuambia anakupenda, imekwisha, unalala."

Tumeandika yote mawili kama alivyotaka. Mama Subiri, ofisi nzima inakushukuru kwa Alhamisi zako zote, kwa waliokusikiliza na kwa waliokuja kukwepa mvua. Upumzike vyema, ule na uwapendao, na miaka iliyobaki ikutendee haki.