Meseji Mia Tatu Zilizokwama

— Asiyeamini anyanyuke aende, benchi ibaki na wenye akili. Meseji mia tatu! Mia tatu na ushee, ziko nje ya hii simu zinabisha hodi, na mlango umekataa kufunguka!

Aliyesema hivyo anaitwa Thuranira, lakini jina hilo hulitumia mama yake na karani wa vitambulisho tu. Sisi wengine tunamwita Injinia. Alijibatiza mwenyewe, mwaka ule alipoiacha shule kidato cha pili, akatoka langoni na bisibisi moja na maneno ya kujaza lori. Benchi yenyewe ni ubao juu ya kreti mbili za soda, hapa Meru mjini, kati ya bucha ya Idrisi na kibanda cha Injinia cha kutengeneza simu. Ikifika saa nne asubuhi, ukungu ukiwa bado unajiuliza kama uondoke, Mama Zuleka hutua birika lake la kahawa ya tangawizi hapo, na dunia huanza kurekebishwa. Benchi ilikuwa ya watu wanne. Tangu mwezi wa tano wanakaa watatu, na ile pembe ya ukutani hakuna anayeisogelea.

— Nani akuandikie wewe meseji mia tatu? aliuliza Idrisi kutoka dirisha la bucha, kisu mkononi. Hata wakora wa kutuma zawadi za uongo wamekuchoka.

Idrisi anaitwa Kilo Kasoro. Sababu iulize mizani yake.

— Wateja, Kilo! Wasichana! Watu wa Nairobi! Wanasema, Injinia amepotelea wapi? Hawajui app imezeeka, inataka apdeti ndiyo ifunguke. Na simu imejaa, haiwezi kujiapdeti yenyewe. Lazima niiunganishe na kompyuta ndiyo ishushiwe huko. Naunganisha, inapanda, tisini, tisini na tano, tisini na tisa... inagoma. Wiki tatu!

— Na wewe si ndiye uliyefufua simu iliyopikwa pamoja na viazi vya mukimo? alichokoza Mama Zuleka, akimimina.

— Nilifufua! Muulizeni Peninah mwenye simu! Niliitoa kwenye sufuria, nikaipangusa viazi, ikaita hapo hapo. Lakini ile ilikuwa ugonjwa. Hii ni kiburi.

— Ni waya, alisema Kilo Kasoro. Ulinunua wapi?

— Nimebadilisha waya mara nne. Nimezima, nimewasha. Simu nimezima, kompyuta nimezima, hata mimi mwenyewe nimelala nikaamka. Nimefuta picha zote. Picha za harusi ya binamu yangu Kinya nimefuta, na nilikuwa nimependeza kuliko bwana harusi!

— Basi wamegombana, Kilo Kasoro alisema. Simu na kompyuta. Hivi vitu vikikaa pamoja sana vinachokana. Mimi nilikuwa na friji mbili hapa. Nikiwasha hii, ile inanuna.

— Huo ni umeme wako mdogo, bwana.

— Ni kununa. Nazijua friji zangu.

Hapo ndipo mzee Mbae alipokohoa. Mbae tunamwita Hansadi, kama kile kitabu cha kumbukumbu za Bunge. Zamani alikuwa akiendesha pickup ya miraa kutoka Maua, akiwahi Nairobi kabla kuku hawajaamka, mpaka mgongo ukamstaafisha. Siku hizi husikiliza redio tatu kwa pamoja na kutusomea dunia ilivyolala.

— Kijana wangu, wewe hujui barabara, alisema. Hiyo apdeti inatoka ng'ambo, si ndiyo? Inaingia Mombasa ikiwa mia kwa mia. Inafika Nairobi mia. Sasa inaanza kupanda kuja huku kwetu. Embu iko sawa. Runyenjes, inaanza kuhema. Ikifika kona za Chuka, mzigo unayumba, asilimia moja inaanguka. Wewe hapa unapokea tisini na tisa! Mimi nimebeba miraa miaka kumi na tisa, hakuna siku nilifikisha mzigo mzima.

— Hiyo moja iko Chuka?

— Iko Chuka. Mtu akishuka aiulizie.

— Basi watu wa Chuka wana asilimia mia na moja, alisema Mama Zuleka.

— Ndiyo maana wanaringa!

Kicheko kiliwapeleka mbali, na Injinia alicheka kuliko wote, kichwa nyuma, koo lote nje. Lakini kicheko kilipokwisha, jicho lake lilienda pale ukutani, likarudi haraka kama mtu aliyeshika sufuria ya moto.

— Fundi mwenzako Muthomi angekuwa hapa... Kilo Kasoro alianza.

— Muthomi nilimtuma Embu! Injinia alimkata. Anafungua tawi langu pale mtaa wa Majimbo. Si niliwaambia? Mtu mmoja hawezi kusimamia ufalme mzima.

Kilo Kasoro alirudia mfupa wake. Hansadi alipuliza kahawa ambayo ilikuwa imeshapoa.

Wakati huo mwanamke mmoja aliyekuwa akingoja nyama yake akaona pembe iko wazi, akaja, akaketi. Ukutani kabisa! Wote walimwangalia kana kwamba amekalia mtoto.

— Ni mahali pa mtu? aliuliza.

— Keti tu, mwalimu, alisema Mama Zuleka. Huyu ni mwalimu Winfred, ndiye mgeni kule shule ya Kaaga. Mwalimu, kahawa?

Mwalimu alipokea kikombe. Alikuwa amesikia yote, nani asisikie, Injinia akiongea hata ng'ombe wa matangazo ukutani hugeuka.

— Samahani kaka, alisema. Ikigoma inaandika nini hasa?

— Inaandika Kizungu cha kujidai.

— Niletee nisome.

Injinia aliangalia kibanda chake, akaangalia viatu vyake. Akanyanyuka, akaingia kwa kompyuta, akarudi na simu na waya wake ukining'inia. Mwalimu alisoma polepole.

— Inasema programu hii ilipakuliwa kwa akaunti ya mtu mwingine. Inataka neno lake la siri. Haijaharibika. Nani aliipakua?

Kisu cha Kilo Kasoro kilisimama hewani.

— Muthomi, alisema Injinia. Ile kompyuta tulinunua pamoja. Yeye ndiye aliyeiwekaweka.

— Na ana simu huko Embu?

— Anayo.

— Sasa si umpigie tu umuulize? Kupiga simu hakuhitaji apdeti.

Haya. Kilo Kasoro aliangalia mizani. Mama Zuleka aliinua birika amwongezee mtu, likatoa matone mawili na kijiti cha tangawizi. Mwalimu alichukua nyama yake, akashukuru, akaenda zake, na swali akaliacha limekaa pale pale ukutani.

— Sikumtuma, alisema Injinia.

Sauti hiyo hatukuwahi kuisikia. Ilikuwa ndogo, ya mtu wa kidato cha pili.

— Aliondoka. Ile simu ya mukimo ni yeye aliitengeneza, siku mbili, mgongo umepinda. Peninah alipokuja kuichukua nikasema, nimeiponya mimi, huyu ni wa kunishikia tochi tu. Nilikuwa natania, bana. Muthomi akaiweka tochi mezani, akaizima kwanza, akaweka bisibisi zake kwa mfuko.

— Sasa mpigie, alisema Hansadi polepole. Muombe hilo neno.

— Neno ninalo, mzee. Nilikumbuka Jumanne. Aliliweka siku tuliyofungua kibanda. Ni *injiniawawili*.

— Na ikakubali?

— Ikapanda mpaka mia, ikafunguka. Nikaingia. Injinia akageuza kikombe chake kitupu, akakiangalia chini kana kwamba kuna kitu. Meseji mbili tu. Moja ya kampuni ya mkopo, nyingine ya mtu aliyekosea namba. Nikaifuta hiyo app mpya, nikarudisha ile ya zamani, ile inayogoma.

— Kwa nini sasa, kijana wangu?

— Kwa sababu ikiwa imekwama, labda Muthomi ameandika.