Kichwa ya Glody iko nyeupe

Acha kunikunjia uso. Sijaanza hata kusema, tayari unatikisa kichwa? Nenda uulize Kulthumu, ule hajui uongo. Mimi nilikuwa pale, birika mu mukono.

Mbele ya mulango yangu, hapa Kadutu, kuna ubao ya kukalia. Bazee batatu banaipasha moto kila siku. Stanislas tunamwita Ministre, juu zamani aligonga mihuri mu biro ya serikali. Blanchard ni Docteur, anauzisha vidonge mu kikapo. Hugues ni Commandant: analinda depo ya bia, na hajapiga hata risasi moja. Mimi nauzisha kahawa. Siku ile nilikuwa naimwaga pembeni ya vikombe. Mujukuu wangu Glody alishamaliza shule, akafanya Exetat, ile mutihani ya serikali ya kumaliza sekondari. Jana yake jioni akaniambia: «Koko, jeshi inaandika vijana mpaka kesho saa sita ya muchana. Naona naenda.» Baba yake alienda vilevile. Balinirudishia kofia tu. Asubuhi Glody akatoka na saki ya nguo, bila kuaga. Saa sita ikapita. Saa saba ikapita.

Saa nane, Commandant akasimama:

– Angalieni kule mu muteremko! Si Glody ule? Kichwa iko nyeupe!

Unajua kwetu: mutoto akipata diploma, barafiki banamumwangia pudre nyeupe mu kichwa mpaka nyusi hazionekane. Mimi nikakalia ndoo.

– Amepita! Ministre akapiga magoti yake. Sasa ni univ, chuo kikubwa. Atakuwa avoka mu korti.

– Avoka ya nini? Docteur akasema. Ni udaktari. Nitamupa ile chombo yangu ya kusikilizia moyo.

– Uko nayo, wewe? Ministre akauliza.

– Iko na sikio moja tu, lakini inasikia.

– Akisha kuwa daktari, jeshi itamuomba, Commandant akasema. Miaka mbili, kolonel. Miaka tano, jenerali.

– Hugues, taja jeshi tena, hii kahawa itakuangukia mu mapaja.

– Maman, nilisema tu jenerali.

– Jenerali hapana, Ministre akasema. Balozi! Batamutuma Ulaya, atakuta balozi ya kule mugonjwa, atakalia kiti yake.

– Basi mimi nafunga valizi leo, Docteur akasema. Balozi hawezi kukosa daktari ya nyumbani.

– Na bagonjwa bako?

– Bangojee.

Bakaanza kugombana nani atakaa mbele mu gari ya balozi. Nikabaongezea kahawa bila kuombwa. Njo pale Kulthumu, jirani yangu, akafika kuomba makala ya moto, akaona ile kichwa nyeupe. Binti yake alifanya Exetat pamoja na Glody.

– Habari zenu, bazee. Kumbe matokeo ilitoka lini?

Ministre akaangalia simu yake. Docteur akaangalia ndani ya kikombe.

– Nauliza tu, juu wangu angali anangojea. Redio haijasema kitu.

Nikaweka birika chini. Glody akafika, jasho imechora mistari mu ile weupe.

– We mutoto, nani alikumwangia pudre?

– Pudre gani, Koko? Ni unga. Nabeba mifuko ku kichwa, mu bulanjeri ya Papa Yunus, kule banapika mikate, Kasha. Juma ya pili sasa, najifunza kazi. Sikutaka kukuambia mbele ya yeye kunikubali.

– Na jeshi?

– Nilitoka na saki yangu, nikasema nipitie kwanza kumuaga Papa Yunus. Akaniachia furu ya mikate niiangalie. Saa hii ni ngapi?

– Nane imepita.

Akashika kichwa mikono mbili, unga ikamwangika mu mabega.

– Balifunga saa sita! Nilisahau, Koko. Mikate ilikuwa ndani, ingeungua.

– Na akakukubali?

– Amenikubali. Nikipita Exetat, nitapika asubuhi, nitasoma mangaribi. Nisipopita, nitapika tu.

– Mupika mikate! Ministre akasema, sauti ya matanga.

– Usijali, Commandant akamwambia kijana, mwaka kesho bataandika tena.

– Mwaka kesho pia atakuwa na mikate mu furu, nikamujibu.

Glody akatoa mukate mu saki. Upande moja ilikuwa nyeusi kama sufuria yangu, na ilikuwa ingali moto. Docteur akanyoosha mukono. Nikaiwahi, nikaiweka mu kwapa, nikachukua birika, nikamusukuma mutoto ndani.

– Maman! Na kahawa?

– Imeisha.

Birika ilikuwa ingali nusu. Nikafunga mulango.