GB Nne Tulizosema Karani Hajira Kaiba

Mgeni rasmi, Afisa TEHAMA wa wilaya, kompyuta ya chama chetu haifunguki tangu tarehe 9 Juni. Tuliiua wenyewe, kwa kura ya kunyoosha mikono.

KARIBU
Karibu kijijini kwetu Mtua. Mimi, mwanachama Kaimu Bakary, niliishia darasa la nne. Wenzangu wamenipa risala hii kwa sababu wao wanaona aibu kuisoma.

TULIKOTOKA
Tulinunua kompyuta yenye kumbukumbu ya GB nane. Fundi akatengeneza ndani yake kompyuta nyingine, isiyoshikika, ya kuendesha mfumo wa mizani. Alisema hiyo ya ndani ina kiini chake, kwa hiyo lazima itengewe kumbukumbu yake. Akaitengea GB nne, nne nyingine akaiachia kompyuta ya nje. Tuliitikia ndiyo. Hatukuelewa, na mpaka leo hatujaelewa.

MAFANIKIO
Msimu uliopita tulipima ufuta wa wakulima 212 bila ugomvi.

CHANGAMOTO
Mwezi Mei mjumbe mmoja alitazama kioo cha mfumo wa mizani, akaona GB nne tu. Tulinunua nane. Tukamwita karani, Hajira.

"Baba zangu, hizo nne zimo humo humo, inazitumia ile ya nje."

"Mbona hatuzioni?"

"Ukiwa ndani huwezi kuziona."

Tukaona anatuchezea. Tukamsimamisha kwa wizi, kisha tukapiga kura kwamba kompyuta ya ndani ipewe zote nane. Lubasha, mwenzetu mfugaji, alisimama. "Mimi nikikamua, chuchu moja namwachia ndama. Nyie mnakamua zote?"

"Kaa chini, mzee wa ng'ombe. Hapa hakuna ndama."

Akacheka, akakaa. Katibu akafuta nne, akaandika nane. Ikaganda ya ndani, ikaganda na ya nje. Tukachomoa waya.

MAOMBI
Tueleze polepole: kitu kilichotengwa kinakuwa kipo au hakipo? Na Hajira aliiba au hakuiba? Kama hakuiba, litamke wewe kwenye hicho kipaza sauti. Baba yake amekaa mstari wa nyuma. Sisi tumekosa pa kuanzia.

Mungu akupe afya, akufikishe salama kwa wanao. Ni sisi, wanachama wa Chama cha Msingi Tupambane, Mtua.

Hasara mpaka leo asubuhi: minada miwili imetupita. Magunia 340 hayajapimwa. Uzito wa ufuta wa wakulima 58 umo ndani ya mashine, hautoki. Karani mmoja, siku ishirini na tatu, hajatoka nje ya mlango wa nyumba ya baba yake.