Jukwaa Golini

Hebu jibu wewe kwanza, kabla hatujafika mbali: mtu akitaka kununua nyavu za goli, anaanza kwa kuliziba goli?

Kijiweni kwa kinyozi swali hilo lilikuwa bado halijamfikia mtu. Benchi lao ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, umempa kinyozi mgongo na kuukodolea macho uwanja wa klabu ng'ambo ya barabara. Anayekaa kichwani mwa benchi anaona ofisi ya klabu, chumba kimoja chenye mlango wa bati. Anayekaa mkiani anaona goli. Ijumaa ile alasiri aliyekaa mkiani hakuona goli. Aliona mafundi wamepanda juu ya mapipa, wanagongelea mbao kwenye milingoti yake, maana kamati iliamua kwamba milingoti imekwisha simama, ya nini kukodi mingine. Juu ya mwamba wamefunga pazia jekundu. Nyavu kuukuu, zenye matundu ya kupitisha mbuzi, zimetandazwa pembeni kuwa uzio wa wageni waalikwa. Na palepale kwenye nukta ya penalti wamechimba shimo, wakasimika mti wa spika. Kila nyundo ilipogonga, vikombe vya kahawa vilitetema, na goti la aliyekaa mkiani likatetema navyo.

Goti lilikuwa la Kufuli, kipa wa timu ya wanawake ya klabu hiyo. Jina alipewa na washambuliaji wa timu pinzani, na si kwa kumpenda. Ana digrii ya takwimu inayoning'inia sebuleni kwa mama yake, na viatu vya intavyuu vilivyochakaa kuliko vya mpira. Barua za we regret to inform you zimeingia nyumba ile kwa wingi hata mama yake, ambaye Kiingereza kwake ni kelele tu, siku hizi akiona bahasha huuliza: na hawa nao wamerigreti? Halafu wiki hii ukaja ujumbe wa simu kutoka kwa kocha wa timu ya magereza. Jumapili atakuja kumwangalia. Magereza wakikuchukua kudaka, wanakuajiri kabisa: sare, mshahara, bima ya kumtibia mama. Kwa hiyo kwa Kufuli mechi ya Jumapili haikuwa mechi. Ilikuwa intavyuu, ya kwanza ambayo alikuwa na hakika anayajua majibu yote.

Na Jumapili hiyohiyo, uwanja huohuo, alasiri hiyohiyo, klabu ina Tamasha Kubwa la Kuchangia Nyavu.

Wa kulieleza jambo hilo alikuwa Tangazo, mshereheshaji wa klabu, kijana ambaye hata akinywa kahawa kipaza sauti kinamning'inia begani kama bunduki ya mgambo. Alieleza kwa sauti ya mtu anayetangaza washindi kwamba tarehe haikuokotwa njiani. Kamati ilikaa, ikafikiri. Ilitafuta siku ambayo watu hujaa uwanjani wenyewe, bila kuitwa wala kubembelezwa, ikaona hiyo ni Jumapili.

— Na Jumapili wanajaa kwa sababu gani? Kufuli akauliza.

— Si kuna mechi, dada.

Mama Birika, muuza kahawa, akammiminia Tangazo kikombe kingine. Yeye husema kazi yake ni kahawa, mdomo kila mtu aje na wake.

Usidhani ni mara ya kwanza. Nyavu hizo zinachangiwa tangu msimu uliopita. Ilianza bahati nasibu, zawadi ya kwanza feni, na feni ikatua nyumbani kwa mweka hazina, watu wakaambiwa ni bahati. Ikafuata kuvuta kamba, wachezaji dhidi ya wachuuzi wa sokoni, mshambuliaji wao tegemeo akateguka bega. Likafuata shindano la kuimba. Asubuhi timu nzima ilibeba viti kichwani, na kesho yake ikafungwa mabao ya kutia haya kwa sababu shingo zilikataa kugeuka. Kila tamasha lilileta hela, na kila hela ilikwenda kukodi spika za tamasha lijalo. Matamasha yakazaana kama sungura. Nyavu tu ndizo hazijazaliwa. Leo klabu iliyoundwa kwa ajili ya mpira ina mshereheshaji, ina mpambaji, ina kamati ndogo ya viti, na haina mpira wa akiba.

Waziri akasema tatizo liko, lakini ni dogo. Waziri ni kinyozi, mwenye benchi, na jina alilipata kwa kuwa na sera juu ya kila kitu bila wizara yoyote. Muda wote huo mteja wake alikuwa ndani, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu inangoja, anaita kwa upole kila baada ya kitambo na kujibiwa nakuja. Sera ya Waziri ilikuwa hii: mechi iingizwe ndani ya shoo. Wanamuziki wakienda kupumzika, mabinti waingie, wacheze nusu ya uwanja, watoke, aingie mchekeshaji.

— Nusu ya uwanja ina goli moja, kaka Waziri, Kufuli akasema.

Hapo akaamka Mzee Rufaa. Huyu ni karani mstaafu wa mahakama, mtu ambaye hajawahi kuikubali hukumu yoyote, hata ya mwamuzi wa mchezo wa bao. Akaweka kikombe chini, akasafisha koo.

— Goli moja linatosha kabisa, mwanangu. La upande wa pili si lipo wazi? Fungeni wote kule. Wewe umewahi kuona magoli mawili yakifungwa kwa wakati mmoja? Moja siku zote linakaa bure. Ni ubadhirifu.

— Na makipa wawili, mzee wangu?

— Wakae pamoja. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Waziri aliona hoja ina mashiko, ila akahofia makipa watagombana, bora wapokezane kama walinzi wa benki. Tangazo akawaona wote wawili washamba. Kwa nini mpira kabisa, akasema, wakati jukwaa lipo? Timu zote mbili zipande, zijitambulishe moja baada ya nyingine, watazamaji wapige makofi, na wenye makofi mengi ndio washindi. Nyasi hazichakai, mtu hateguki bega, matokeo yanapatikana kabla jua halijazama. Mzee Rufaa akapinga, si kwa sababu ni upuuzi, bali kwa sababu makofi hayakatiwi rufaa.

Kufuli alikuwa anatazama fundi mmoja akipiga msumari kwenye mlingoti wa kushoto, pale ambapo yeye hugusa kwa kisigino kila mara kujua yuko wapi bila kugeuka. Kipa hana macho ya nyuma. Ana mlingoti. Msumari ukaingia wote.

— Au tuseme hivi, Waziri akaendelea, na uso wake ulikuwa umeng'aa kama kichwa cha mteja upande ule mmoja. Tumtumie Kufuli mwenyewe. Asimame mbele ya jukwaa, watu wakate tiketi kumpigia penalti. Nani hataki kumfunga Kufuli? Mgeni rasmi anaanza, wafadhili wanafuata, halafu wananchi.

— Na nikidaka?

— Usidake sana. Mteja ni mfalme.

Tangazo akataka kujua kama Kufuli anaweza kuvaa gauni la kumeremeta juu ya suruali ya kudakia, maana kwenye picha litapendeza. Mzee Rufaa akaafiki, akasema chanda chema huvikwa pete. Alipoona binti amenyamaza, alidhani amefurahi, akaongeza nyingine.

— Mcheza kwao hutunzwa, mwanangu.

— Kwetu wapi, mzee wangu? Kwetu si ndiko mlikojenga jukwaa?

Neno hilo alilisema polepole, ndiyo maana lilisikika. Waziri akakumbuka kwamba ana mteja, akainuka, kisha akakaa tena. Wote walijua kwa nini jambo lenyewe ni gumu. Mwenyekiti wa kamati ni mjomba wake Kufuli, tena mjomba hasa, kaka wa tumbo moja na mama yake. Ndiye aliyemletea glavu za kwanza, zile kubwa ambazo ilibidi azifunge kwa kamba kwenye vifundo vya mikono, wakati mtaa mzima ulikuwa unasema mtoto wa kike atavunja vidole. Jana Kufuli alimwendea. Alipewa kiti. Aliulizwa hali ya mama. Alipogusia Jumapili, mjomba alicheka kwa mapenzi, akasema mambo ya mipango waachie wakubwa, wewe kazi yako kudaka tu. Kufuli akatoka na nusu ya soda mkononi na jibu hana.

Usiku hakulala vizuri, na leo tangu asubuhi hajaketi mahali pakakalika. Amefua glavu ambazo zilikuwa safi. Ameizunguka ofisi ile kama mtu aliyesahau ufunguo. Ligi ina kanuni yake: timu mwenyeji isipokuwa na uwanja, pointi zinakwenda kwa wageni, na timu iliyo mkiani kama yao inashuka. Mwakani hakuna ligi. Hakuna kocha atakayesafiri kuja kumwangalia kipa wa timu isiyocheza.

— Moja, mbili, mafundi wa spika wakajaribu kutoka nukta ya penalti. Moja, mbili. Tatu hawakuifikia.

Ndipo akaja mama mmoja. Alikuwa na suruali ya mazoezi, kofia imeshushwa, begi dogo begani. Alitoka upande wa stendi akiwa na vumbi la safari viatuni. Akasalimia, akasogezewa nafasi, akaomba kahawa. Mama Birika akainamisha birika hadi mwisho, kikatoka kikombe kimoja na machicha, akatangaza hiyo ndiyo ya mwisho.

— Samahani jamani, mechi ya wanawake Jumapili ni uwanja huu?

— Huuhuu, dada yangu, Tangazo akadakia. Na si mechi tu. Kutakuwa na bendi, vichekesho, mavazi.

— Vizuri. Mimi nimekuja kwa kipa. Nimefika mapema nipaone mahali.

Kufuli akajua huyu ndiye kocha wa magereza. Mgeni akapuliza kahawa yake na kueleza bila makuu, kama mtu anayezungumzia bei ya vitunguu, kwamba kipa hatazamwi kutoka pembeni. Ukiwa pembeni unaona anavyoruka, na kuruka hata chura anaruka. Nyuma ya goli ndipo unapoona anavyofikiri: anasogea lini, anaita nani, anaogopa nini. Ana nafasi moja tu na Jumatatu anapeleka jina. Kwa hiyo Jumapili ataomba kiti kimoja, akiweke nyuma ya goli.

Akainua macho, akautazama uwanja. Akalitazama pazia jekundu, akautazama mti wa spika.

— Sasa kipa wenu atasimama wapi?

Waziri alifungua mdomo, sera haikutoka. Tangazo alishika kipaza sauti kwa mazoea, kikapiga mluzi, akakizima. Mzee Rufaa alionekana akipekua methali zake moja baada ya nyingine, midomo ikimcheza, na kwa mara ya kwanza tangu benchi lile liwekwe hakuipata hata ya kukosea. Yule mteja alitoka ndani na kitambaa shingoni, nywele nusu, akasimama mlangoni kungoja jibu pamoja na wengine.

Kufuli angeweza kusema, ni mimi. Aibu haikuwa yake, lakini ilikuwa imemkaa yeye usoni.

— Basi, mgeni akasema, akarudisha kikombe. Nitakuja Jumapili. Nikikuta goli, nitakaa. Nikikuta hivi, kuna kipa mwingine mji wa pili nimeambiwa naye ni mzuri.

Alipoondoka, Kufuli akasimama. Ubao ulipoteza uzito upande mmoja, ukacheza, Mzee Rufaa akawahi kushika kikombe chake kitupu. Waziri alimwita, akamwambia afadhali wapange kwanza nani aongee na kwa lugha gani. Hakugeuka. Alivuka barabara, akapita kwenye mbao na misumari, akafika kwenye mlingoti wa kushoto, akaugusa kwa kisigino. Kisha akasukuma mlango wa bati.

Kamati ilikuwa imezunguka meza, inachagua rangi ya utepe utakaokatwa na mgeni rasmi. Mjomba aliinua uso, akatabasamu.

— Shikamoo, mjomba. Shikamooni wote.

— Marahaba, mwanangu. Umekuja kuchukua viti?

— Hapana. Nimekuja kuchukua goli.

Nje nyundo zilikuwa zimenyamaza, maana mafundi nao walikuwa wamesogea dirishani, na nyuma yao benchi zima, na nyuma ya benchi mteja wa nusu kichwa.

— Mjomba, glavu ulinipa wewe, na heshima yako iko palepale. Ila leo naongea na mwenyekiti. Tamasha lipelekeni popote, hata sokoni, na mkitaka viti nitabeba mwenyewe, baada ya mechi. Lakini jukwaa liondoke leo. Ule mti ung'oeni, shimo lifukieni, mlishindilie. Jumapili nataka goli langu wazi, na kiti kimoja nyuma yake. Nyavu nunueni mkipenda. Bila nyavu nitadaka. Bila goli siwezi.